Somo: Mkwaju Mmoja na Kumbukumbu za Biashara Yako



Mwenye karasha Kahama, au mwenye duka la vifaa vya wachimbaji Katoro, anaponunua programu ya kutunza hesabu, hulipia jambo moja kubwa: kwamba mauzo na madeni ya leo yatapatikana kesho. Ahadi hiyo yaweza kuvunjwa na alama moja ndogo, yaani mkwaju wa kinyume (\).

Katika kompyuta za Windows, alama hiyo hutenganisha majina ya folda, desturi iliyoanza na toleo la 2.0 la MS-DOS mwaka 1983. Lakini katika lugha nyingi za kuandikia programu, kama ilivyokuwa katika lugha ya C ya miaka ya 1970, alama hiyohiyo ikiwa ndani ya alama za kunukuu huipa herufi inayofuata maana nyingine: \t ni nafasi ya kitufe cha Tab, na \n ni mstari mpya.

Basi fundi akiandika "D:\taarifa\nakala", kompyuta haioni folda ya taarifa wala ya nakala. Herufi t na n humezwa, yakabaki "aarifa" na "akala". Windows hulikataa jina hilo. Iwapo programu imeundwa kunyamazia makosa, kioo kitaendelea kudai kuwa nakala imehifadhiwa. Siku kompyuta itakapoibwa au kuungua, ndipo ukweli utakapojulikana.

Tiba ni nyepesi: fundi aandike "D:\\taarifa\\nakala" au "D:/taarifa/nakala". Wewe hulazimiki kuijua kazi hiyo. Haki yako ni kuona matokeo. Kabla ya kumaliza malipo, tunakushauri:

1. Ingiza mauzo ya majaribio, hifadhi nakala kwenye flashi, kisha fungua folda uone faili lenye tarehe na saa ya siku hiyo.
2. Lifungue faili hilo katika kompyuta nyingine, ulinganishe namba na daftari lako.
3. Chomoa flashi, kisha iamuru programu ihifadhi tena. Programu ya kuaminika itakuambia kuwa imeshindwa.
4. Dai risiti na makubaliano ya maandishi yanayotaja nani atagharimia marekebisho, na kwa muda gani.

Hadi majaribio hayo yafaulu, daftari lako la karatasi liendelee kujazwa kila jioni.