Dira, Lugha na Kabila: Tatizo la Kuainisha Wakazi wa Miji Midogo ya Usukuma ya Mashariki

1.0 Utangulizi

Swali la nani wakaao katika mji mdogo huonekana jepesi mpaka litafutiwe jibu. Kata ya Sola, katika Wilaya ya Maswa, ni mfano mzuri wa ugumu huo. Wilaya hiyo imo katika Mkoa wa Simiyu, ambao ulianzishwa mwaka 2012 kwa kumegwa hasa kutoka Mkoa wa Shinyanga na ambao makao yake makuu ni Bariadi. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 1,584,157 katika mkoa huo, na ile ya 2022 ikahesabu watu 2,140,497. Kutokana na sensa hizo mtafiti anaweza kujua idadi ya wanaume na wanawake, umri wao na ukubwa wa kaya zao. Hawezi kujua wangapi kati yao ni Wasukuma, Wataturu, Waarabu au Wahindi, kwa kuwa hakuna aliyeulizwa. Sensa ya mwisho nchini Tanzania kuuliza kabila ilikuwa ya mwaka 1967.

Pengo hilo huzibwa kwa sentensi ya desturi: wenyeji ni Wasukuma, na pamoja nao wanaishi watu wachache wa makabila mengine, Waarabu na Wahindi. Sentensi hiyo si uongo. Kasoro yake ni kwamba inapanga katika safu moja majina yasiyo ya daraja moja. Makala hii inakusudia kuonyesha kuwa majina tunayotumia kuwaainisha wakazi wa mahali kama Sola yana asili tofauti. Mengine ni ya dira, mengine ni ya utawala, na mengine ni ya shughuli za mjini. Mpaka tofauti hizo zitambuliwe, hesabu yoyote ya makabila itakuwa hesabu ya maneno kuliko ya watu.

2.0 Majina ya dira

Neno sukuma, katika lugha ya wenyewe, lina maana ya kaskazini. Linakamilishwa na maneno mengine matatu: dakama (kusini), kiya (mashariki) na ng'weli (magharibi). Lahaja za Kisukuma zimepewa majina kwa msingi huohuo: Kimunasukuma, Kimunadakama, Kimunakiya na Kimunang'weli. Lahaja ya Maswa na Bariadi huwekwa katika kundi la Kimunakiya, yaani usemi wa watu wa mashariki. Hata ramani ya utawala imehifadhi msamiati huo, kwani miongoni mwa kata za Wilaya ya Maswa zimo kata ziitwazo Sukuma na Dakama.

Sifa kuu ya jina la dira ni kwamba maana yake hutegemea mahali aliposimama msemaji. Kwa Mnyamwezi wa Tabora, watu wa Shinyanga ni Basukuma, yaani watu wa kaskazini. Kwa mtu wa Mwanza, watu haohao wa Shinyanga ni Badakama, watu wa kusini, na jina hilohilo huwahusu Wanyamwezi pia. Hakuna aliyekosea kati ya wasemaji hao wawili. Kila mmoja ametumia kipimo kilekile akiwa upande wake. Uhusiano wa Kisukuma na Kinyamwezi unaafiki jambo hili, kwani katika uainishaji wa Guthrie lugha hizo zimepewa namba zinazofuatana, F21 na F22, na mipaka kati ya lahaja zao ni ya hatua kwa hatua.

Bariadi inaongeza ugumu mwingine. Himaya ya Ntuzu iliyokuwa huko imeacha jina ambalo wakazi wanaendelea kujiita: Wanyantuzu. Je, Wanyantuzu ni kabila, au ni Wasukuma wenye lahaja yao? Tuchukue mfano wa kudhania wa mwanamke aliyezaliwa Bariadi na kuolewa Sola. Kwao ataitwa Mnyantuzu, na huenda Sola wakaendelea kumwita hivyo. Akienda Dar es Salaam atakuwa Msukuma, naye mwenyewe atalikubali jina hilo bila kujiona amebadilika. Karani wa sensa ambaye angempa nafasi moja tu ya kujaza angepata jibu la kweli, lakini jibu hilo lingetegemea mahali alipomkuta.

3.0 Majina ya utawala

Kugeuka kwa jina la dira kuwa jina la taifa la watu kulichochewa na utawala. Kabla ya ukoloni, mtu wa sehemu hizi alijitambulisha kwanza kwa ukoo wake na kwa mtemi wake. Watemi nao hawakudai kuwa wa asili moja na raia wao. Masimulizi ya koo kadhaa za kitemi huwaeleza waasisi wao kuwa wageni waliotoka magharibi, wakakaribishwa na wakulima waliowatangulia. Kwa hiyo mchanganyiko ulikuwa ndani ya himaya yenyewe tangu mwanzo. Hans Cory, aliyeandika kuhusu utemi mwaka 1951 na kuhusu sheria na mila za Wasukuma mwaka 1953, aliwakuta watu ambao serikali ilikuwa tayari inawatazama kama kabila moja. Mwishoni mwa miaka ya 1940 watemi waliunganishwa katika shirikisho lililokuwa na makao yake Malya, na shirikisho hilo likabeba jina la Usukuma.

Sensa za kikoloni za 1948 na 1957 ziliimarisha mtazamo huo. Waafrika waliainishwa kwa kabila, na wasio Waafrika kwa rangi au nchi ya asili. Wazungu, Wahindi, Wagoa, Waarabu na Wasomali kila mmoja alikuwa na safu yake. Ni vema kutazama mantiki ya safu hizo. Mgoa alitengwa na Mhindi ingawa Goa imo Bara Hindi, ilhali watu wa himaya nyingi za Usukuma waliwekwa pamoja. Mpaka kati ya kundi na kundi ulichorwa na mwenye kuuliza.

Baada ya uhuru msimamo ulibadilika. Mwaka 1961, katika mjadala wa sheria ya uraia, Julius Nyerere alipinga vikali pendekezo la kuufanya uraia utegemee rangi. Mwaka 1963 utemi ulifutwa kisheria. Tangu sensa ya 1978 swali la kabila halikuulizwa tena. Uamuzi huo ulikuwa na faida kubwa kwa umoja wa taifa, nayo makala hii haipendekezi kuutengua.

4.0 Majina ya mji na ya kazi

Usukuma ya zamani ilikuwa nchi ya kaya zilizotawanyika. Miji midogo ilichipuka penye boma, mnada, kiwanda cha kuchambulia pamba au stesheni, kama Malampaka wilayani Maswa, kwenye reli ya Tabora hadi Mwanza iliyokamilika mwaka 1928. Katika miji hiyo majina Mhindi na Mwarabu yalitambulisha kazi kama yalivyotambulisha asili. Wahindi walikuwa wanunuzi wa pamba na wenye viwanda vya kuichambua. Malalamiko ya wakulima kuhusu mizani ya wanunuzi hao yalisaidia kuzaa vyama vya ushirika, na mwaka 1955 vyama hivyo vikaungana katika shirikisho la Victoria chini ya uongozi wa Paul Bomani. Ushirika ulipochukua ununuzi wa pamba, na majengo mengi ya kupangisha yalipotaifishwa mwaka 1971, Waasia wengi waliondoka. Kwa hiyo sura ya rangi ya miji hii ilibadilika kwa sababu za biashara na sheria.

Jina Mswahili nalo linahitaji uangalifu. Bara, limetumika kwa muda mrefu kumtaja Mwislamu, au mtu wa mjini asiyefungwa na mila za kijijini, bila kujali wazazi wake walitoka wapi. Mfano uliochunguzwa vizuri zaidi hauko Simiyu bali Mto wa Mbu, mji mdogo ulio karibu na Ziwa Manyara. William Arens, katika maandishi yake ya miaka ya 1970, alionyesha jinsi wahamiaji wa makabila mengi sana walivyokutana huko na kuanza kujiita Waswahili. Jina hilo liliwatofautisha na wafugaji wa Kimasai waliowazunguka, na likawapa umoja ambao makabila yao yasingeweza kuwapa. Basi katika mji mdogo mchanganyiko wa watu unaweza kuzaa jina jipya, na jina hilo likahesabiwa kama kabila miongoni mwa makabila.

Hali ya Usukuma ya mashariki ni tofauti na ya Mto wa Mbu, kwa kuwa hapa lugha moja ya wenyeji ina nguvu. Atlasi ya Lugha za Tanzania, iliyotolewa na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 2009, inakipa Kisukuma wasemaji zaidi ya milioni tano. Mahali penye lugha yenye uzito huo, mgeni huingizwa kwa lugha. Mtoto wa Mtaturu, ambaye wazazi wake husema Kidatoga, lugha ya Kinailoti isiyo na undugu na Kibantu, akikulia miongoni mwa Wasukuma aweza kufikia utu uzima akiwa msemaji wa Kisukuma. Je, ahesabiwe wapi? Kwa nasaba ni Mtaturu, na kwa lugha ni Msukuma.

5.0 Jina linaposafiri

Umuhimu wa suala hili unazidi mipaka ya Sola. Kwa miongo kadhaa wafugaji na wakulima kutoka Usukuma wamehamia Rukwa, Usangu, bonde la Kilombero na hata Lindi. Huko jina Msukuma limepata maana ya nne, nayo ni mfugaji mgeni mwenye mifugo mingi. Wafugaji walipoondolewa Usangu mwaka 2006 na 2007, jina hilo lilitumika mara kwa mara kana kwamba linaeleza sababu ya mgogoro wa ardhi na maji. Mtu ambaye Sola huitwa mwenyeji bila swali huitwa mvamizi kwa jina lilelile. Neno lililoanza kama dira limekuwa hukumu.

6.0 Hitimisho

Makala hii imeonyesha kuwa jina moja, Msukuma, laweza kubeba maana ya upande, ya utawala, ya lugha na ya kazi, na kwamba majina yanayowekwa kandoni mwake yana historia nyingine kabisa. Anayetaka kueleza wakazi wa mji mdogo hana budi kuacha kuuliza swali moja la kabila na badala yake kuuliza manne: mtu alijifunza lugha gani kwanza; anatumia lugha gani nyumbani sasa; wazazi wake walizaliwa wapi; na anaitwaje hapo alipo na anapokuwa safarini. Majibu ya maswali hayo hayatatoa jedwali lenye safu moja. Yatatoa maelezo ambayo wakazi wenyewe wataweza kuyasoma na kujitambua ndani yake, na hayatampa mtu yeyote orodha ya kuamua nani ni mwenyeji na nani ni mgeni.