Kabla ya Kukubali Kubadilisha Giaboksi

Mwenye gari la zamani la gia otomatiki huambiwa mara nyingi kwamba giaboksi imekufa, naye hulipa fedha nyingi kabla chanzo cha hitilafu hakijathibitishwa. Tunamshauri mtumiaji achunguze kwanza mambo matatu.

Kwanza, mlio. Mngurumo unaokua kadiri mwendo unavyoongezeka, na kubadilika gari linapokata kona, kwa kawaida hutokana na beringi ya gurudumu. Mgongano wa ka-ka-ka usukani ukikatwa hadi mwisho huashiria kuchakaa kwa jointi ya shafti ya gurudumu la mbele. Hitilafu hizi mbili hazihitaji giaboksi mpya.

Pili, kuteleza. Injini ikivuma zaidi ilhali mwendo hauongezeki, nguvu haifiki kwenye magurudumu ipasavyo. Gari la namna hiyo lisiendelee kutumika, kwa kuwa joto la msuguano huharibu klachi za ndani.

Tatu, mafuta ya giaboksi. Yapimwe kwa utaratibu wa kitabu cha gari. Mafuta haya hayaunguzwi kama petroli, yakipungua, yanavuja. Yakiwa meusi yenye harufu ya kuungua, huenda klachi zimekwisha kudhurika. Aina isiyo sahihi nayo huweza kusababisha kuteleza.

Kabla ya kazi kuanza, dai maandishi yanayoonyesha kasoro iliyopatikana, namna ilivyopimwa, bei na muda wa dhamana. Aidha, omba urejeshewe vipuri vilivyotolewa. Fundi asiyeweza kueleza alivyoitambua kasoro, usimruhusu kuifungua giaboksi.