Sponji Ukutani: Kelele Hubaki, Moto Hukaribishwa

Baadhi ya wenye baa, studio na kumbi za ibada hubandika sponji za magodoro au trei za mayai ukutani ili kelele zisiwafikie majirani. Vifaa hivyo ni vyepesi. Hupunguza mwangwi ndani ya chumba tu, lakini sauti bado hupenya nje. Kinachozuia sauti ni uzito na kuziba nyufa: ukuta wa mawe uliopigwa plasta na mlango mzito unaofunga vizuri.

Hatari kubwa zaidi ni moto. Mwaka wa 2013, katika klabu ya Kiss mjini Santa Maria, Brazili, fataki ziliwasha sponji iliyowekwa darini kuzuia kelele. Watu 242 walifariki, wengi wao kwa kuvuta moshi wenye sumu.

Wakazi wanashauriwa:

1. Kuondoa sponji na trei ukutani na darini.
2. Kufunika paneli za povu kwa plasta ya saruji pande zote.
3. Kuhakikisha milango ya dharura haifungwi kwa kufuli watu wakiwa ndani.
4. Kupiga simu 999 au 112 moto unapozuka.