Kujisemea si kurukwa na akili

Mdogo wangu wa Gitting, barua yako nimeipata. Mama mkwe amekukuta jikoni ukijiambia, "Chumvi nimeshaweka, maji bado, mtoto anatoka shule saa nane," na tangu siku hiyo mawifi wanakutazama kwa jicho la pembeni. Mmoja ameshataja mganga. Nakujibu wewe na wao, maana najua gazeti hili litapita mikono mingi hapo nyumbani.

Wewe si mgonjwa. Una mambo mengi kichwani na huna wa kukusaidia kuyapanga, basi mdomo unakusaidia. Mtazame mtoto wa miaka minne anayejenga nyumba ya udongo: "Hii naiweka hapa, hii imeanguka, ngoja." Mwanasaikolojia Mrusi Lev Vygotsky, aliyefariki mwaka 1934, aliona kwamba mchezo ukiwa mgumu mtoto hujisemea zaidi. Tukikua maneno hayo yanahamia moyoni, lakini kazi zikituzidi au hofu ikiingia, yanatoka tena. Na yana faida. Mwaka 2012 watafiti Gary Lupyan na Daniel Swingley, huko Marekani, waliwapa watu picha nyingi watafute kitu kimoja. Waliotamka jina la kitu hicho walikiona upesi zaidi, mradi wawe wanaijua vizuri sura yake. Kwa hiyo ukitafuta kiberiti, kitaje tu bila aibu.

Chunga unachojiambia. "Mjinga mimi, sitaweza" ni tusi hata ukijitukana mwenyewe. Ethan Kross na wenzake wa Chuo Kikuu cha Michigan walionyesha mwaka 2014 kwamba mtu anayejiita kwa jina lake, hata kimoyomoyo, kabla ya jambo linalomtia hofu, hutulia na kulifanya vizuri zaidi. Jiite jina lako basi, ujisemeshe kama ambavyo ungemsemesha mdogo wako: "Umeshapikia msiba mzima wewe, leo wageni watatu watakushinda?"

Lakini kilichonigusa ni lile uliloliandika mwishoni, kwa herufi ndogo: kwamba unaongea na kaka yako. Tope la Mlima Hanang lilishuka asubuhi ya Jumapili, tarehe 3 Desemba 2023, likaua watu zaidi ya 80 Katesh, Gendabi, Jorodom na vijiji jirani, na yeye akiwa mmoja wao. Sasa ukikamua ng'ombe unampa habari: ndama amezaliwa, mahindi yameota, mama anaendelea vizuri. Mdogo wangu, mpe habari. Msibani mama humwita marehemu kwa sauti, akamuuliza mbona umeniacha, na hakuna anayemwita kichaa. Tunamshika mkono, tunalia naye. Matanga yakishaanuliwa tunamtaka anyamaze siku hiyohiyo, utadhani uchungu nao umeanuliwa. Hapo tunakosea sana. Mama mkwe, siku nyingine ukimsikia, vuta kigoda ukae karibu, umuulize kaka alikuwa mtu wa namna gani. Nadhani anajisemea kwa sababu hakuna aliyemuuliza.

Yapo ya kuwatia wasiwasi, na nayasema wazi. Mtu akisikia sauti ambazo wengine hawazisikii, zikimjibu, zikimtisha au kumwamuru ajidhuru, akakesha usiku baada ya usiku, akawaogopa watu wake au kuacha kula na kuoga, huyo anaumwa. Msimfunge kamba, msimfiche ndani, wala msipoteze miezi kwa mganga. Mpelekeni zahanati, na mkiambiwa mwende mbele, Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, upande wa Mbulu, inatibu magonjwa ya akili. Dawa zipo na watu wanapata nafuu. Mpelekeni mapema.