Kwa Nini Redio Hukwaruza

Mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, vikundi vilikaa kuizunguka redio na kusikiliza. Watu wapatao milioni mbili walishiriki. Redio ikikwaruza, neno lilipotea, na mtangazaji haambiwi arudie.

Leo tutazame chanzo kimoja cha mkwaruzo katika redio za zamani za valvu. Mahali pasipo na umeme zilitumia betri: volti 1.5 za kupasha valvu moto, na mara nyingi volti 90 za kuendesha kazi. Volti 90 humrusha mtu, usiguse ndani!

Mawimbi ya redio hutikisika upesi mno, kwa mfano mara milioni moja kwa sekunde. Sauti ya mtangazaji huyafanya makubwa au madogo. Spika haiwezi kuyafuata. Kwa hiyo iko ditekta. Katika redio nyingi za betri ilikaa ndani ya valvu iitwayo DAF96.

Sisi wa Masama tunaujua mfereji. Ditekta ni mlango: maji huingia bwawani, hayarudi. Bwawa ni kapasita. Tundu la kutolea maji ni rezista. Omu zikiwa nyingi, tundu ni dogo. Kina cha bwawa hupanda na kushuka kama sauti ya mtangazaji.

Tundu likiwa dogo mno, maji hayashuki kwa wakati. Sauti kali kama s na sh huharibika. Likiwa kubwa mno, bwawa hukauka na sauti hufifia. Kapasita ya pikofaradi 100 na rezista ya omu 500,000 hufaa.

Kosa la pili hufichika zaidi. Ni kama jirani anayechota bwawa lile lile: valvu inayofuata nayo ina rezista yake. Ikiwa ni ya omu 1,000,000, ditekta hufuata sauti mpaka mawimbi yabadilike kwa asilimia 67 tu. Mtangazaji akipaza zaidi, sauti hukatwa. Ikiwa ni ya omu 10,000,000, hufika asilimia 95. Tofauti yote hiyo ni ya rezista moja ndogo!

Lakini usiilaumu ditekta upesi. Punguza sauti kwanza. Mkwaruzo ukiisha, mara nyingi ni betri iliyochoka, spika au valvu ya mwisho. Ukibaki, fundi aanzie kwenye ditekta.

Maswali
1. Kwa nini tundu dogo huharibu sauti ya s?
2. Redio hukwaruza ikifunguliwa sana tu. Mtatazama nini kwanza?