Alishapunguzwa tumbo, sasa anabadilishiwa valvu ya moyo

SWALI: Daktari, mama yangu ana miaka 58. Alipunguzwa tumbo nchini India, akashuka kutoka kilo 124 hadi 81. Sasa ameambiwa valvu ya moyo imeharibika, lazima ibadilishwe. Ule upasuaji wa kwanza hautamletea shida? – Msomaji, Tabata

JIBU: Pole kwa kuuguza. Kwa sehemu kubwa ule upasuaji umemsaidia. Mtu mnene sana akipasuliwa mfupa wa kifua, kidonda hutunga usaha kirahisi, hasa akiwa na kisukari. Huko Sweden, utafiti ulioanza 1987 uliwafuatilia watu wanene zaidi ya 4,000, karibu nusu yao wakiwa wamepasuliwa kupunguzwa tumbo. Vifo vya maradhi ya moyo vilikuwa vichache kwa waliopasuliwa.

Ninachotaka kujua ni alipunguzwa vipi. Wapo wanaokatwa sehemu ya tumbo, likabaki jembamba kama ndizi. Wapo wanaotengenezewa kifuko kidogo kinachounganishwa na utumbo, chakula kikaruka sehemu inayofyonza madini ya chuma. Hawa wa pili ndio huishiwa damu zaidi. Mama apimwe wingi wa damu, chuma na vitamini B12 wiki kadhaa kabla ya kulazwa. Chuma kikiwa chini, vidonge mara nyingi havifui dafu kwao; huwekewa dripu.

Ripoti ya India mnayo? Kama hamna, iombeni leo. Daktari wa usingizi ataihitaji kabla ya kupitisha mpira au kipimo cha moyo cha eko kooni, maana tumbo lililoshonwa halisukumiwi vitu kwa kubahatisha.

Akiwekewa valvu ya chuma, atakunywa warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, maisha yake yote. Anayekula kidogo, leo katapika, kesho kala mchicha mtupu, kipimo chake cha kuganda kwa damu (INR) hupanda na kushuka. Kliniki asikose.

Kubwa zaidi ni dawa ya maumivu ya diklofenaki. Kifua kitauma, na jirani mwenye huruma hakosekani: “Meza hii, mimi ilinisaidia.” Asimeze, wala Brufen. Dawa hizo huchimba vidonda pale tumbo lilipounganishwa na utumbo, na kidonda kikivuja mtu akiwa kwenye warfarini, damu haikatiki upesi. Atumie parasetamo kwa kipimo alichoandikiwa. Aspirini ndogo, kama daktari wa moyo ameiandika, asiiache kwa kuogopa haya niliyosema.