Uzee: Afya na Mahusiano katika Jamii

Sera ya Taifa ya Wazee ya Tanzania ya mwaka 2003 inamtambua mzee kuwa ni mtu mwenye umri wa miaka 60 na kuendelea. Anza insha yako kwa fasili hiyo, kisha ingia kwenye hoja. Swali la mada hii huja kwa sura nyingi, lakini kiini chake ni kimoja: afya ya mzee na mahusiano yake na watu hutegemeana. Mtahiniwa anayeorodhesha lishe, mazoezi, matibabu na marafiki bila kuonesha kinachoviunganisha amejibu nusu ya swali.

Chukua mfano wa mzee wa miaka 72 aliyezoea kwenda kucheza bao kila jioni. Masikio yanaanza kupungua nguvu. Wenzake wakicheka hajui wanacheka nini, na kuuliza kila mara anaona haya. Mwishowe anaacha kwenda. Ule mwendo wa kwenda na kurudi haupo tena, misuli ya miguu inalegea, na siku moja anateleza uani na kuvunjika nyonga. Ukimuuliza daktari, atakutajia mfupa. Wewe katika insha eleza kwamba tatizo lilianzia masikioni, likapitia upweke. Mfano mmoja uliofafanuliwa hivi una uzito kuliko hoja sita za mstari mmoja mmoja.

Lishe nayo ni vivyo hivyo. Anayekula peke yake huona taabu kuinjika sufuria, akashindia chai kavu. Hisia ya kiu pia hupungua uzeeni hata pale mwili unapohitaji maji. Shinikizo la damu mara nyingi halina dalili, kwa hiyo mjukuu anayemkumbusha babu dawa na tarehe ya kliniki ni sehemu ya tiba.

Kuhusu mazoezi, Shirika la Afya Duniani linashauri wenye miaka 65 na zaidi wapate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Kutembea kwa haraka kidogo kwenda sokoni au msikitini kunahesabika.

Usisahau kipato. Zanzibar ilianza Pensheni Jamii mwaka 2016, wakati huo ikiwalipa wenye miaka 70 na zaidi shilingi 20,000 kwa mwezi. Kiasi hicho kilikuwa kidogo, ila mzee asiye na cha kuchangia msibani huanza kukwepa misiba yenyewe.

Hoja ya kujenga makazi ya wazee kila wilaya itumie kwa uangalifu. Makazi hayo yanawafaa wasiojiweza na wasio na ndugu. Kwa wengine, kuwahamisha ni kuwatenga na majirani wa miaka mingi.

Zoezi
1. Eleza jinsi macho kutoona vizuri kunavyoweza kumtenga mzee na jamii yake.
2. "Simu ya mkononi imewasogeza wazee karibu na watoto wao." Jadili.